Wakibeba karai la mjane, Biblia inasemaje? Maswali ya wasomaji kuhusu madeni

Wapendwa wasomaji, safari hii ukurasa wote nimeuacha uwe wa madeni tu. Barua na meseji zilizoingia kutoka Tanga mjini na wilaya za jirani zimebeba kilio kimoja, mikopo, na wengi wanauliza neno la Mungu linasimama wapi kwenye hili jambo. Nimechagua nne, majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, nakaa Makorora hapa Tanga, nakaanga samaki nauza jioni nje ya nyumba, mume wangu alishafariki. Mwezi wa tano nilikopa laki 3 kwa hawa watu wa mikopo ya haraka, wenyewe mnaiita kausha damu, wakakata elfu 30 wakasema ya fomu na bima, mkononi nikapewa laki 2 na elfu 70. Rejesho elfu 13 kila siku kwa siku 30. Nimelipa siku 17 bila kuruka hata moja, alafu kusi likachachamaa, ngalawa hazitoki, pale Deep Sea tunaponunua samaki wachache na bei haishikiki, nikakwama. Faini elfu 5 kila siku inayopita. Sasa hivi wanasema nadaiwa 339,000. Juzi wamekuja vijana watatu wakaingia mpaka chumbani, wakabeba karai langu kubwa la kukaangia, jiko na godoro la watoto, majirani wanaangalia, na wamesema wakirudi wanakuja na polisi. Jumapili kanisani tukafika pale kwenye utusamehe deni zetu nikashindwa kuendelea. Naomba nijue, Biblia inasema deni langu lifutwe? Na nikiacha kulipa nina dhambi?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, pole kwa msiba wa mzee na pole kwa fedheha uliyofanyiwa mbele ya watoto wako.

Tuanze na hofu ya dhambi kwanza manake naona ndo inakunyima usingizi. Zaburi ya 37 mstari wa 21 inamkemea mtu anayekopa halipi, ni kweli, ila pale anasemwa mtu asiye haki, mtu anacho na hataki kutoa. Wewe umelipa siku 17 mfululizo na kilichokusimamisha ni bahari kuchafuka. Biblia haikuweki kwenye fungu hilo hata kidogo. Inakuweka kwenye fungu la watu ambao Mungu amewatungia sheria za kuwalinda, na hizo sheria ni nyingi kuliko zinavyohubiriwa makanisani kwetu, tena nyingine ukizisoma ni kama zimeandikwa juzi pale Makorora.

Fungua Kumbukumbu la Torati 24. Mstari wa 6 unakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, la chini wala la juu, na sababu imetolewa hapohapo kwamba ukilichukua hilo umechukua uhai wa mtu. Kwa nini jiwe? Kwa sababu ndo lililokuwa linatoa unga wa siku ile nyumbani, bila jiwe hakuna mkate. Jiwe lako wewe ni lile karai. Wanaokaanga wanajua, karai lililoiva mafuta miaka na miaka samaki hamshiki chini, ila jipya linakurarulia vibua mpaka ngozi yote inabaki chini na mteja anakuangalia tu. Sasa hao vijana wakiliuza watapata hela ya chuma chakavu, hata rejesho la siku mbili halifiki, lakini kwako wamefunga biashara nzima. Ndo maana sheria ile ilikataza. Inayoangaliwa sio bei ya kitu sokoni, inaangaliwa kitu kinamlisha nani.

Shuka mpaka mstari wa 10 na 11. Mdai haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje, mdaiwa mwenyewe ndo amtolee. Nje! Mungu ameona mpaka mlango wa mtu maskini na akasema heshima ya huo mlango iachwe. Mstari wa 12 na 13, kama aliyeweka rehani ni maskini, arudishiwe nguo yake kabla jua halijazama apate cha kujifunika usiku, na Kutoka 22 mstari wa 26 na 27 inarudia hilohilo na kuuliza, akilichukua vazi lake atalala na nini? Godoro la watoto liko hapo kabisa. Na mstari wa 17 wa Kumbukumbu 24 unamtaja mjane kwa jina lake la ujane, nguo yake isichukuliwe rehani. Kwa hiyo mama, waliokuja kwako wamevunja karibu kila mstari niliokutajia wa sura ile kwa mchana mmoja.

Sasa deni lenyewe. Kumbukumbu 15 inasema kila mwisho wa miaka saba kuwe na maachilio, mdai amwachilie jirani yake alichomkopesha. Walawi 25 inaenda mbali zaidi, mwaka wa 50, yubile, ardhi iliyouzwa kwa dhiki inarudi kwenye familia yake na mtu aliyejiuza kwa umaskini anarudi kwao huru. Kitu nachoomba watu wakione hapa ni kwamba msamaha huu haukungojea tajiri aamke vizuri. Uliwekwa kwenye kalenda. Maskini hakutakiwa apige magoti wala asifie mtu, mwaka ukifika umefika. Sisi tumezoea kuhubiri kusamehe deni kama ukarimu wa mtu mwenye roho nzuri, lakini Torati inaiweka kama haki, kitu mtu anastahili, na hapo ndo naona tumewaangusha watu kama wewe kwa miaka mingi.

Alafu kuna Nehemia sura ya 5, naomba uisome yote usiku wa leo. Watu wanalia kwa Nehemia, liwali wa Yuda, tumeweka rehani mashamba na nyumba zetu tupate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa hela ya kulipa kodi ya mfalme, mabinti zetu wameshachukuliwa utumwani na hatuna uwezo wa kuwatoa. Waliokopesha sio wageni, ni ndugu zao. Nehemia akakasirika sana, akawaita wakuu kwenye mkutano hadharani, akawaambia rudisheni leo hii mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na ile sehemu moja ya mia mnayowatoza. Tena hakujitoa, kwenye mstari wa 10 anakiri kabisa kwamba yeye na ndugu zake nao wamewakopesha watu. Ile moja ya mia wafafanuzi wengi wanaisoma kama asilimia 1 kwa mwezi. Asilimia 1, na mtu wa Mungu akakunguta joho lake mbele ya mkutano kwa hasira. Wewe umepewa 270,000 na wanataka 390,000 ndani ya siku 30, maana yake umetozwa 120,000 juu ya hela uliyoishika, ni zaidi ya asilimia 44 kwa mwezi mmoja, faini bado.

Na sisi watu wa mkoa huu hatuhitaji kwenda Yerusalemu kuelewa kilio cha Nehemia 5. Miaka ya 1830 njaa ilipopiga Uzigua wako waliojiuza wenyewe na kutoa watoto wapate chakula, wengine wakapandishwa majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula wakashushwa Somalia wakawa watumwa bonde la mto Juba. Vizazi na vizazi wajukuu zao wamekaa kule wanaongea Kizigula, na vita ya Somalia ilipolipuka 1991 baadhi yao wakakimbilia huku, wakawekwa Chogo pale Handeni na serikali ikawapa uraia. Dhiki ya msimu mmoja imekula zaidi ya miaka 150 ya watu. Kwa hiyo mtu akiniambia mkopo wa mama wa samaki ni jambo dogo la mtaani, simkubalii.

Nirudi kwenye swali lako, lifutwe? Hesabu yangu hii hapa. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini unayemkopesha. Umepokea 270,000, umerudisha 221,000, kwa hesabu ya Torati hela ya watu iliyobaki mkononi mwako ni 49,000. Hiyo ni yao na ukiipata uwape, sio dhambi kudaiwa na sio aibu kuilipa polepole. Hizo nyingine zote zilizoota juu yake mimi siwezi kukwambia kwa jina la Mungu kwamba ni deni lako.

Na sheria ya nchi? Nayo iko upande wako kuliko ulivyoambiwa. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha lazima awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za mikopo za daraja la pili, zile ambazo hazipokei amana za watu. Kwa laki 3 hiyo ni 10,500 kwa mwezi. Kuhusu polisi, deni la mkopo ni kesi ya madai, kushindwa kulipa peke yake sio jinai, usitishike. Na hata ingekuwa mahakama imeshatoa hukumu dhidi yako, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kifungu cha 48 inataja vitu visivyoguswa, nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na zana za fundi anazofanyia kazi. Nilipokisoma kifungu hicho pembeni ya Kumbukumbu 24 nilishtuka jinsi vinavyofanana. Isitoshe anayekamata mali kwa hukumu ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, sio vijana watatu.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukiangalie, mkataba uliosaini. Inawezekana ulijaza fomu ya kuweka vitu vya ndani kama dhamana, na hapo watakuja na hoja zao. Kwa hiyo chukua mkataba na zile risiti au meseji za marejesho, nenda kwa msaidizi wa kisheria, wapo na wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yao haina malipo. Mwambie mtendaji wa mtaa kilichotokea nyumbani kwako. Muulizeni mkopeshaji leseni yake, peleka malalamiko kwa maandishi kwao kwanza, wakikaa kimya yapelekwe Benki Kuu. Na tafadhali usichukue mkopo mwingine kulipa huu, wanawake wengi wamezama hapo.

La mwisho kwako ni kwa kanisa lako, na nalisema kwa sauti. Kwenye 2 Wafalme 4 mjane mwenzako alijiwa na mdai anataka watoto wawili wawe watumwa, Elisha akamtuma akaombe vyombo kwa majirani, vitupu, vingi, na majirani wakatoa, mafuta yakajaa, akauza akalipa deni na kilichobaki akaishi nacho na wanawe. Majirani walitoa vyombo. Walawi 25 nayo inasema ndugu akiwa maskini akauza milki yake basi ndugu yake wa karibu aje aikomboe. Jumuiya inayosali utusamehe deni zetu pamoja na huyu mama kila Jumapili ichange karai wiki hii hii, na jiko, na godoro. Sio sadaka ya huruma, ni wajibu wa ndugu wa karibu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu huku Mikanjuni, tuko wanawake wa kila dini. Mwenzetu mmoja alikopa laki 8 akahamia Dar, simu hapokei, na tunajua amefungua duka la vipodozi lina vitu. Nikitaka kumfuatilia naambiwa na wenzangu wa kanisani samehe, Yesu amesema saba mara sabini, unamfukuzia nini mwenzio. Je nisamehe?

JIBU: Nzuri dada. Hapana, sio kwa namna hiyo wanayotaka.

Hiyo laki 8 sio yako. Ni ya mama anayeuza mihogo, ni ya yule anayefua nguo za watu, kila wiki wameweka kidogokidogo mpaka ikafika. Wewe unaweza kusamehe kinyongo chako, kumtukana kwako, kumsema kwako vibaya, hivo ni vyako na uvisamehe mara zote hizo walizokutajia. Hela ya wenzio huna mamlaka nayo. Wale wakuu kwenye Nehemia 5 waliachilia walichokuwa wanadai wao wenyewe, hakuna aliyesimama pale akaachilia cha jirani.

Na huyu dada wa duka la vipodozi hayuko mahali alipo yule mama wa Makorora, watu wanawachanganya hawa wawili na kuwachanganya huko ndo kunaharibu mafundisho yote. Maachilio ni ya aliyebanwa. Angalia Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri kwenye Luka 19, alipookoka hakusema nimesamehewa basi yaishe, alisema kama nimemnyang'anya mtu kwa hila narudisha mara nne. Angalia pia barua ya Paulo kwa Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo. Kama Onesimo ana deni kwako, andika juu yangu, mimi nitalipa, ndivyo alivyosema Paulo. Hakumwambia Filemoni afute tu kana kwamba hasara ile haikuwepo, alikubali kuibeba yeye. Msamaha wowote wa deni kuna mtu anaubeba, na kwenye kikoba chenu wanaotaka kubebeshwa ni wanawake maskini kwa faida ya mwenye duka.

Mfano wa mtumwa asiyesamehe, Mathayo 18, ndo huwa unatumika kuwabana watu kama wewe kwa hiyo tuutazame vizuri. Yule mtumwa alidaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta ni kama dinari 6,000, kwa hiyo deni lake ni ujira wa siku milioni 60, hakuna binadamu anaweza kulipa. Akaachiliwa lote. Akatoka nje akamkaba koo mwenzie wa dinari 100. Yule mwenzie alikuwa anaomba muda, anasema nivumilie nitakulipa. Alikuwa anapokea simu, tuseme hivo kwa lugha ya leo. Aliyehukumiwa kwenye mfano ni mwenye nguvu aliyemkaba dhaifu baada ya yeye kuhurumiwa. Kikoba chenu hakijamkaba mtu koo.

Kwa hiyo mfuateni. Kwa maandishi, kupitia wadhamini wake, kupitia mtendaji, na ikishindikana mahakama ya mwanzo ipo. Mkimpata mkakuta kweli duka limekufa na hana kitu, hapo mambo yanabadilika, mpeni muda, mpangieni kidogokidogo. Wenzio Waislamu kwenye kikundi watakuelewa haraka sana hapo manake Qurani kwenye Suratul Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki asubiriwe mpaka apate wepesi, na kumwachia ni bora zaidi, na kwenye zaka kuna fungu la waliolemewa na madeni. Tanga hii tumekaa pamoja muda mrefu, hili ni jambo mnaloweza kukaa mkekani mmoja mkaliandika kwenye katiba ya kikundi, kwamba mwenzetu akifiwa, akiugua, akichomewa nyumba, marejesho yanasimama miezi kadhaa na mfuko wa jamii unamshika. Lipigieni kura kabla halijamfika mtu. Likishaandikwa hakuna atakayekuja kulia mbele ya mweka hazina.

SWALI: Niko chuo hapa Tanga, nakaa Chumbageni. Hizi habari za yubile zilishawahi kufanyika kweli au ni maandishi mazuri tu? Na kwa nini nchi zinasamehewa mabilioni ila mtu mmoja mmoja anabanwa mpaka anajinyonga? Alafu deni likifutwa kila miaka saba nani atakopesha tena?

JIBU: Mwanangu umeuliza matatu kwa mpigo, na la mwisho ni gumu kwa hiyo naanza nalo.

Torati yenyewe ilishaliona. Kumbukumbu 15:9 inaonya mtu asije akawaza moyoni mwaka wa saba umekaribia, akamnyima ndugu yake. Na ikatokea hivohivo, kabla kidogo ya wakati wa Yesu na wakati wake matajiri walikuwa wanabana hela mwaka ukikaribia, maskini wanakosa hata mkopo wa mbegu. Mwalimu mkubwa wa Kiyahudi, Hillel, akaweka utaratibu unaitwa prosbul, mdai anakabidhi madai yake kwa mahakama ili yasifutwe na mwaka wa saba, watu wakaanza kukopesha tena. Wengine wanamlaumu Hillel kwamba aliua sheria. Mimi naona alikuwa anamhurumia maskini yuleyule, ila pia naona hasara yake, toka hapo mdai akapata mlango wa kutokea na mdaiwa hakupata. Kila sheria ya mikopo mpaka leo inahangaika na mzani huo, na ndo maana mimi nasema ukomo wa riba peke yake hautoshi, lazima kuwe na mikopo ambayo maskini anaipata bila kwenda kwa kausha damu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na kila diwani wa mkoa huu anapaswa kuulizwa kata yake wamepata wangapi.

Kama ilifanyika? Kuachilia watumwa wa deni ilifanyika walau mara moja na ikavurugwa, soma Yeremia 34, mfalme Sedekia na wakuu wakawaacha huru watumwa wao kwa agano, alafu wakageuka wakawachukua tena, na Yeremia akawatangazia hukumu kali. Ile ya Nehemia nayo imeandikwa kama tukio, watu waliapa mbele ya makuhani na wakafanya. Na nje ya Israeli wafalme wa Babeli walikuwa wanatoa amri za kufuta madeni ya wakulima, ya mfalme Ammi-saduqa imebaki mpaka leo kwenye vigae vya udongo, ni ya karne ya 17 kabla ya Kristo. Sheria ya 48 ya Hammurabi inasema dhoruba ikiharibu shamba au maji yakikosekana, mwaka huo mkulima halipi nafaka wala riba. Soma hiyo alafu kumbuka kusi na yule mama wa Makorora.

Kuhusu nchi, ni kweli, na tuseme yote. Ujerumani baada ya vita, kwa mkataba wa London wa 1953, ilipunguziwa karibu nusu ya deni lake la nje, na kati ya waliosaini ilikuwepo Ugiriki. Sisi tulichelewa sana kuonewa huruma ya namna hiyo. Mwalimu Nyerere miaka ya 80 aliuliza dunia kama tuwanyime watoto wetu chakula ili tulipe madeni. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba yubile ya 2000 iwe wakati wa kupunguza au kufuta madeni ya nchi maskini, makanisa na watu wa kawaida wakaibeba, mwezi Mei 1998 watu kama 70,000 walishikana mikono kuzunguka mji wa Birmingham kule Uingereza wakati wa mkutano wa viongozi wa mataifa tajiri. Walichotangaza ni Walawi 25. Tanzania ikafika hatua ya mwisho ya mpango wa HIPC, ule wa kuzipunguzia madeni nchi maskini, Novemba 2001, unafuu wa kama dola bilioni 3, na Januari 2002 ada ya shule ya msingi haikuwepo tena. Waliokuwa wadogo kipindi hicho wakaingia darasani kwa wingi, wakakaa watatu wanne dawati moja, wengine chini, lakini waliingia. Umri wako sijui, ila inawezekana kaka zako na dada zako wamesoma kwa msamaha huo.

Na hapo kwa nini ya mtu mmoja inashindikana? Nchi ilikuwa na watu 70,000 wa kushikana mikono nje ya mkutano. Mama wa Makorora alikuwa peke yake mlangoni. Hakuna sababu nyingine naiona. Sheria ya Ufilisi tunayo tokea zamani, mtu anaweza kutangazwa kashindwa na akaanza upya, ila inatumiwa na wenye mawakili. Benki Kuu Novemba 2024 ilifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni, zilikuwa zinakopesha bila kibali, na wananchi walikuwa wameshalalamika sana kuhusu zile meseji za kumuaibisha mtu kwa kila namba iliyo kwenye simu yake. Watu walipiga kelele ndo ikafanyika. Wewe uko chuo, una muda na elimu, kaeni na wenzio hata kumi muwe mnawasomea mama zenu mikataba kabla hawajasaini, ingesaidia kuliko unavyofikiri.

SWALI: Shemeji yangu anataka nimdhamini mkopo benki kwa hati ya nyumba yangu ya Pongwe, mke wangu hataki, mimi naona kukataa ni kukosa upendo. Ushauri?

JIBU: Kaka, Mithali 6 mstari wa 1 mpaka wa 5 inamwambia aliyeingia udhamini akimbie akajinasue, asilale hata usingizi, na Mithali 22:27 inauliza kwa nini kitanda chako kichukuliwe chini yako. Unaweza kumpa shemeji kiasi ambacho kikipotea hamtalala nje. Hati ya nyumba usitoe. Mke wako yuko sahihi, na hata kisheria bila ridhaa yake huwezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema. Kama umeshasaini kitu chochote, nenda benki kesho asubuhi na mke wako mkiwa pamoja kabla hela haijatoka.